Diwani, Baraza na Boma: Maneno ya Pwani katika Halmashauri ya Babati

Msomaji wa mashairi akilisikia neno diwani, kwanza hufikiria kitabu: mkusanyo wa tungo za mshairi mmoja, au wa washairi wa zama moja. Mkaazi wa Sigino, mojawapo ya kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, akilisikia neno hilohilo humfikiria mtu: yule aliyepigiwa kura ili aipeleke haja ya kata mbele ya wenziwe na kurudi na jawabu. Maana zote mbili zina asili moja. Neno lilitoka Uajemi likaingia katika Kiarabu, na huko lilichukua maana ya daftari, kisha ofisi ya kuwekea madaftari ya dola, kisha baraza la wakubwa waliokaa katika ofisi hiyo. Daftari la tungo likabaki kwa washairi, na daftari la kodi likabaki kwa watawala.

Hapa pwani neno hili ni la siku nyingi. Katika Mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja, madiwani na majumbe walikuwa wenye miji kabla ya kuja kwa Wazungu, kila mmoja na heshima zake. Babati haikuwa na diwani wa namna hiyo. Ni nchi ya Wagorowa, chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Majirani zao ni Wairaqw, Warangi, Wambugwe na Wabarbaig, na lugha za wengi wao si za Kibantu. Jinsi neno la Mrima lilivyofika huko na kupata kazi mpya ni sehemu ya historia ya utawala wa Tanganyika. Historia hiyo pia inaeleza kwa nini kila mwaka unapofikia mwisho, kata kama Sigino huandika orodha ya haja zake bila kuwa na yakini ni nani atakayeisoma.

Maneno yaliyopanda bara

Wajerumani walipoitwaa Tanganyika hawakuunda lugha mpya ya utawala. Waliyachukua maneno waliyoyakuta pwani, jumbe, akida na liwali, wakayapandisha bara pamoja na watu wa kuyatumikia. Jumbe, aliyekuwa mwenye mji, akawa mkusanyaji wa kodi ya vibanda iliyoanza mwaka 1898. Akida, aliyekuwa kiongozi wa vikosi vya vijana wa mji, akawa msimamizi wa majumbe wengi. Neno boma, lililokuwa na maana ya ua au ngome ya miti, likawa jina la jengo la serikali lenye kuta nene, bendera na mahabusu. Kwa mtu wa Ufiomi, kama Wajerumani walivyoiita nchi ya Wagorowa, serikali ilikuwa boma, na boma lilikuwa mbali.

Waingereza walibadilisha utaratibu. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na machifu wakapewa mahakama zao, hazina zao na sehemu ya kodi waliyoikusanya. Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu katika Jimbo la Kaskazini, na Wagorowa walikuwa na chifu wao. Hapo ndipo neno jingine la pwani lilipopata kazi bara. Baraza, kile kibao cha mawe mbele ya nyumba ambapo wanaume wa mtaa huketi jioni kunywa kahawa na kuzungumza, likawa mkutano rasmi wa chifu na watu wake, mara nyingi mbele ya Bwana Shauri. Tofauti haikuwa ndogo. Kwenye baraza la nyumba kila aliyeketi ana haki ya kunena, na hakuna anayeandika. Kwenye baraza la chifu waliitwa watu kuja kusikiliza, na yaliyoandikwa yalikwenda wilayani.

Hata hivyo hazina za wenyeji zilikuwa na faida moja ambayo wakaazi waliielewa vyema: kodi fulani ilibaki karibu na iliyotoka. Zahanati ya dawa za kwanza, shule ya madarasa ya chini, daraja la miti, vyote viliweza kuelezwa kwa fedha ambayo mtu aliiona ikihesabiwa. Uhusiano huo baina ya kodi na huduma ndio uti wa mgongo wa serikali yoyote ya mtaa.

Kufa na kufufuka kwa halmashauri

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya mabaraza ya wilaya yenye wajumbe wa kuchaguliwa. Mbulu haikuwa wilaya ya kutii tu. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja ilichokosa kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, naye akiwa mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea huru akamshinda mtu aliyeteuliwa na chama. Watu wa nchi ile hawakuukataa uhuru. Walikataa kuchaguliwa mtu wa kuwasemea. Ni kisa kidogo katika historia ya taifa, lakini kinafaa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa vijiji vya bara vilipokea kila kitu kutoka juu kwa ukimya.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria, na halmashauri za wilaya zikabeba mzigo wa shule, zahanati na barabara. Mzigo ulikuwa mkubwa na mapato madogo, na mwaka 1969 kodi ya kichwa ikafutwa, halmashauri zikabaki bila mguu mmoja. Mwaka 1972 zikafutwa zenyewe. Mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, uliochorwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya Kimarekani ya McKinsey, ulitangazwa kuwa unasogeza madaraka kwa wananchi. Kwa vitendo, waliosogea ni maofisa: wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya waliotumwa na serikali kuu, wakipokea fedha kutoka Hazina na kuwajibika kwa Hazina. Diwani hakuwa na baraza la kukaa.

Miaka hiyohiyo ilikuja Operesheni Vijiji, na sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji serikali yake na mkutano wake. Hivyo kijiji kilipata mdomo wakati sikio la wilaya limezibwa. Mijini hali ilidhoofika upesi, takataka zikarundikana na maradhi ya kipindupindu yakazuka, hata serikali ikalazimika kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982 na zikaanza kazi upya Januari 1984. Mwaka huohuo Ibara za 145 na 146 ziliingizwa katika Katiba ili kuzipa serikali za mitaa mahali pa kusimama, na Mwalimu Nyerere, katika mahojiano, alikiri kuwa kuzifuta halmashauri na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Ni nadra kiongozi wa nchi kusema hivyo akiwa bado madarakani.

Babati yajitenga

Wilaya ya Babati ilizaliwa mwaka 1985 ilipomegwa kutoka Hanang, mwaka mmoja tu baada ya halmashauri kufufuka. Haikukawia kupata mtihani. Mwaka 1990 Ziwa Babati, ambalo halina mto wa kudumu wa kutolea maji, lilifurika na kuingia mjini. Mafuriko yale yalionyesha jambo ambalo mipaka ya kiutawala huificha: maji yanayoujaza mji hutoka kwenye miteremko ya vijiji vinavyouzunguka, na mti unaokatwa juu ya kilima hulipiwa na mwenye duka aliye bondeni.

Ndani ya muongo huohuo wilaya ilitoa mfano uliosomwa mbali na Manyara. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi, ulikuwa umepangwa kutangazwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vilivyouzunguka havikuridhika. Baada ya majadiliano, katika miaka ya 1994 na 1995 kila kijiji kilikabidhiwa sehemu yake, kikaandika sheria ndogo na kuweka walinzi wake, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha sheria hizo. Msitu ambao ulikuwa ukiliwa kidogo kidogo, bandu bandu hadi gogo kwisha, ukaanza kuchipua. Sera ya misitu ya 1998 na sheria ya 2002 zilichukua mengi kutokana na majaribio ya namna hiyo. Kipaumbele kilitoka kijijini, halmashauri ikakitia muhuri, na serikali kuu ikajifunza. Mara nyingi mambo hufuata njia iliyo kinyume.

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu yake. Mwaka 2004 mji ukapewa halmashauri yake, mbali na ile ya wilaya. Sensa ya 2012 ilihesabu ndani ya mipaka ya mji watu 93,000 na ushei, lakini mipaka hiyo ilikuwa imechorwa kwa kalamu pana. Pamoja na mitaa ya Babati na Bagara yenye maduka, hoteli na stendi ya mabasi, ilikumba pia vijiji vya wakulima wa mahindi, mbaazi, maharage na alizeti. Sigino ni kata ya namna hiyo: kwa sheria ni mji, kwa riziki ni shamba.

Mwaka wenye miisho miwili

Mkulima wa Babati anaujua mwaka kwa mvua. Hupanda mahindi na mbaazi katika shamba moja; mahindi huvunwa kwanza, katikati ya mwaka, na mbaazi hubaki zikisubiri mwezi wa nane au wa tisa. Halmashauri ina kalenda nyingine. Mwaka wake wa fedha huanza Julai mosi na kuisha Juni 30, na fedha ya maendeleo isiyotumika hadi siku hiyo inaweza kurudi Hazina. Kwa hiyo Juni ni mwezi wa haraka: hati za malipo husainiwa usiku, saruji hununuliwa kabla mchanga haujafika, na mradi uliokaa miezi tisa bila fedha hutakiwa kukamilika kwa wiki nne.

Lakini upo mwisho mwingine wa mwaka, wa Desemba. Mwongozo wa bajeti hutoka serikali kuu katika miezi ya mwisho ya mwaka, na hapo vijiji na mitaa huulizwa vipaumbele vyao. Orodha hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, menejimenti ya halmashauri, kamati za kudumu, Baraza la Madiwani na mkoa, hadi kufika Dodoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo imepewa jina la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na maana yake ni nzuri: watu wakae, wataje walichonacho kabla ya kutaja walichokosa, kisha wapange. Tatizo ni kuwa huulizwa wakati wa kupanda, wenye nguvu wakiwa mashambani, na wanaobaki kuitikia mkutano hawawi wengi.

Desemba pia ni mwezi wa madarasa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia 2004 ukaja mpango wa kila kata kuwa na sekondari. Na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Kila hatua iliongeza watoto kuliko vyumba, na kila Januari kata zilitakiwa ziwe tayari. Mfano ulio wazi zaidi ni wa 2021. Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 hivi, wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na kutoka humo ikaamua kujenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila moja. Agizo lilitoka Oktoba, na mwisho ulikuwa Desemba. Nchi nzima kata zilikesha, na Januari 2022 wanafunzi wa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja badala ya wengine kusubiri nafasi.

Hapana shaka hilo lilikuwa jema. Hata hivyo linafundisha pia mambo mawili. La kwanza, fedha ikiwapo na amri ikiwa moja, halmashauri zinazolaumiwa kwa uzito zinaweza kukimbia. La pili, orodha iliyoandikwa kijijini haikuhusika sana. Kata iliyokuwa imetanguliza zahanati ilipata darasa, na kata iliyokuwa imetanguliza kisima ilipata darasa vilevile.

Fedha ilivyokwenda mbali

Kwa nini orodha ya kata ina nguvu ndogo? Jawabu limo katika fedha. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyokuwa imerudishwa pamoja na halmashauri katika miaka ya 1980, ilifutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki, kwani ilikusanywa kwa mgambo na vizuizi vya barabarani, na maskini alilipa sawa na tajiri. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya kufidia, na vijiji vikaahidiwa asilimia 20 ya ruzuku hiyo. Kufika kwake vijijini kukawa jambo la bahati.

Uliobaki ni ushuru wa mazao. Neno ushuru lina asili ya Kiarabu yenye maana ya fungu la kumi, lakini kiwango kilikuwa asilimia tano, na mwaka 2017 kikashushwa kuwa asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, serikali ya India iliweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi kutoka nje. Babati, ambayo mbaazi zake zilikuwa zikivuka bahari kwenda huko kwa miaka mingi, iliona bei ikianguka mavuno yakiwa bado shambani. Mkulima akakosa fedha ya ada na dawa, halmashauri ikakosa ushuru wa kuezekea darasa. Uamuzi uliofanywa New Delhi kwa ajili ya wakulima wa India ulibadilisha bajeti ya mji mdogo ulio chini ya mlima Kwaraa, na hapakuwa na diwani wa kuupigia kura.

Wakati huohuo kazi na mapato mengine yalihamishwa. Kodi ya majengo ilikwenda Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa pamoja na umeme wa LUKU. Barabara za mitaa na vijiji zilikwenda TARURA mwaka 2017. Maji ya vijijini yalikwenda RUWASA mwaka 2019, na ya mjini yako chini ya mamlaka ya maji ya Babati. Kila uhamisho ulikuwa na hoja yake: mafundi wapatikane pamoja, fedha isipotee. Lakini matokeo kwa diwani ni mazito. Akisimama mbele ya watu wa Sigino huulizwa kwanza habari ya maji na ya barabara iliyokatwa na mvua, mambo mawili ambayo baraza lake haliyaamui tena. Anaweza kuomba na kufuatilia, lakini hawezi kupitisha.

Kilichobaki mikononi mwa baraza kina masharti. Kwa miaka kadhaa miongozo iliagiza asilimia 40 au 60 ya mapato ya ndani iende kwenye maendeleo, kwa kadiri ya uwezo wa halmashauri. Sheria ya 2018 ikaamuru asilimia 10 itolewe mikopo isiyo na riba kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mwingine. Ukiyaondoa yote hayo pamoja na posho na mafuta ya magari, uhuru wa kuchagua unaobaki barazani ni mwembamba.

Maboma na mkutano wa kijiji

Hapa ndipo neno boma linaporejea kwa sura nyingine. Katika lugha ya halmashauri za leo, maboma ni majengo ambayo wananchi wameyainua kwa nguvu zao, kwa matofali, mchanga na michango, hadi usawa wa lenta, kisha wakaisubiri serikali iweke paa. Yako kila wilaya ya bara. Mpango wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulipoahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, watu waliamini wakajenga, na kuta nyingi zilinyeshewa kwa miaka. Boma la Wajerumani lilikuwa serikali bila wananchi. Maboma haya ni wananchi waliotangulia na kuingoja serikali. Ukuta uliosimama bila paa ndio orodha ya vipaumbele iliyo wazi kuliko zote, maana imeandikwa kwa jasho na haiwezi kupotea mezani. Halmashauri inayotaka kujua la kutanguliza kabla ya Juni haina haja ya kwenda mbali. Itazame kuta hizo kwanza.

Jambo la mwisho linahusu kijiji chenyewe. Kwa sheria, serikali ya kijiji ni chombo kamili: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo, kama vijiji vya Duru-Haitemba vilivyofanya. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Kadiri mji wa Babati unavyotanuka, ndivyo vijiji vilivyomo ndani yake vinavyokaribia kuwa mitaa. Mkaazi atapata hati ya kiwanja na pengine taa za barabarani. Ataukosa mkutano wenye mamlaka juu ya ardhi. Hayo ni mabadilishano makubwa, na yanastahili kujadiliwa waziwazi kabla hayajatokea.

Msomaji wa visiwani anaweza kulinganisha na kwao. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2014, na katika shehia sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Bara mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa, ingawa uchaguzi nao una maswali yake: mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Pale ambapo ushindani ni mdogo, chombo kinachobaki mikononi mwa mwananchi ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe walau kila miezi mitatu na hapo mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Mkutano huo haugharimu saruji wala mkopo. Unahitaji kivuli cha mti, daftari lililo wazi, na mtendaji aliye tayari kusimama nalo mbele ya waliolipa.